Mhazini wa harusi nafungua daftari: watoa huduma wetu wa Dar, bei tulizolipa na maksi zao

Jamani, kila nikiona mtu anauliza harusi Dar inagharimu bei gani afu watu wanamjibu "inategemea na mfuko wako" huwa nacheka tu, maana mimi daftari ninalo. Nilikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kiume, Septemba 2023, siku ya Jumamosi, ukumbi wa maeneo ya Tabata, wageni 220, na mpaka tunavunja kamati zilikuwa zimetoka milioni 15 na laki 3. Hapo mahari haimo, pete haimo (alinunua mwenyewe na bei hajawahi kuniambia), na sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi) haimo kwa sababu ile ni ya upande wa wifi yangu, sisi tulikuwa upande wa bwana harusi kwahiyo mzigo wetu ulikuwa ile sherehe ya usiku na mambo yake yote. Majina ya watoa huduma sitaji, wengine bado tunakutana kwenye harusi za watu, ila bei zao na maksi zao nawapa kama zilivyo. Na hizo ni bei za 2023, ukisoma leo ongezea mwenyewe.

Nianze na kosa letu. Kikao cha kwanza tulikaa tukaandika wageni 300 na bajeti ya milioni 22, watu wakaahidi kwa mbwembwe, mjomba mmoja akasimama kabisa akasema laki tano nawatumia Ijumaa, shemeji laki mbili, ahadi zikafika milioni 17 na laki 4, tukapiga makofi. Wiki mbili kabla ya harusi mkononi nilikuwa na milioni 9 na kidogo, na siku yenyewe inafika nilikuwa na 13,150,000, hapo nimepiga simu mpaka watu wakiona namba yangu wanazima. Na wanaotuma kwa simu nao wana lao, kwenye kadi ya mchango tumeandika kabisa "tuma na ya kutolea", mtu anatuma elfu 50 kavu, ukienda kwa wakala makato yanakula humohumo, sasa zidisha kwa watu wote hao uone. Kitu cha maana tulichofanya ni kukata wageni kutoka 300 mpaka 220 kabla hatujalipa advansi ya chakula. Mama mkubwa alininunia mwezi mzima kwa sababu kikundi chake chote cha vikoba kilibaki nje.

Sasa hesabu ambayo kamati nyingi hazipigi, na mimi mwenyewe niliipiga tumeshachelewa. Kuna hela zinaenda kwa idadi ya watu, na kuna hela zinatoka hata wakija watu kumi. MC hakuulizi mko wangapi, DJ hakuulizi, mpiga picha, matarumbeta, keki, shela, hao wote bei yao ni ileile. Kwetu sahani ilikuwa 18,000 na vinywaji ukigawanya vilikuja 8,500 kwa mtu, yaani kila anayekalia kiti anakula 26,500. Mchango tuliweka single elfu 50 na double elfu 80. Single ukitoa alichokula anabakiza 23,500, double wanakuja wawili wanakula 53,000 wanabakiza 27,000. Hicho kilichobaki ndo kinaenda kulipa ukumbi na MC na mapambo na wengine, na hao wengine kwetu walikuwa 9,470,000. Gawanya sasa. Ni zaidi ya kadi 350 za double, yaani watu 700 ndani ya ukumbi wa watu 300! Kwahiyo mkijidanganya kwamba tuongeze watu ili michango iongezeke mnajichosha bure, harusi inabebwa na wale wachache wanaotoa laki tano na milioni, na bwana harusi mwenyewe kwenye akiba yake. Na wakwe kumbuka hawachangi kwenu, sisi tuliwawekea viti 40, hiyo tayari ni milioni na elfu 60 ya kula na kunywa.

Haya, tuingie kwa watoa huduma.

Kabla hatujachukua ukumbi wa Tabata tulikwenda kuuliza ukumbi mmoja wa pakeji, ile unalipa kwa kichwa na kila kitu kimo, chakula, mapambo, viti, vinywaji viwili kila mtu. Wakatuambia elfu 45 kwa kichwa. Kwa watu 220 ni milioni 9 na laki 9, mwenyekiti akasema basi tumemaliza kazi, mi nikauliza swali moja tu, hiyo bei ina VAT? Yule dada akatabasamu. Haina. Weka asilimia 18 pale inakuja 1,782,000 juu yake, jumla 11,682,000, afu bia ya tatu mtu ananunua mwenyewe, kwenye harusi ya kwetu Iringa umtangazie mtu bia ya tatu ajinunulie hiyo aibu utaisikia mpaka kwenye misiba. Sisi tulivyojitegemea, ukumbi, chakula, vinywaji na mapambo vyote vinne vilitoka 9,704,000. Tofauti ni kama milioni mbili. Ila nisidanganye, hiyo milioni mbili tuliifanyia kazi, mimi binafsi nilipungua kilo. Kama kamati yenu ina watu watatu tu wanaojituma na wengine ni wa kula bia kwenye kikao, chukueni pakeji mlale usingizi.

UKUMBI, 7 kwa 10. Bei Jumamosi 1,800,000, Ijumaa walikuwa wanatoa kwa 1,300,000, na hapa bwana harusi angekubali Ijumaa tungeokoa laki tano ila alisema wageni wa mikoani hawatafika. VAT hapo 324,000, afu siku ya kulipa salio ndo wakaleta "usafi na ulinzi" 150,000 ambayo haikuwepo kwenye kotesheni. Jumla 2,274,000. Dizeli ya jenereta pia ni juu yako, hiyo niliweka laki na ishirini, na umeme kweli ulikatika saa 3 usiku, kwahiyo sijuti. Walichonifurahisha waliruhusu tuingie na vinywaji vyetu bila kutoza chochote, hili ulizeni MWANZO kabisa kabla hamjapenda mataa ya ukumbi, kuna kumbi ukiingia na kreti yako wanakutoza kwa kila chupa mpaka unajuta. Maksi tatu nimekata kwa sababu ya hiyo ya usafi, na AC moja ya upande wa wakwe ilikuwa inapuliza joto, wazee wa watu wamekaa na suti wanajipepea kwa kadi. Na kitu kingine, msimu. Kwetu Wakatoliki kwa kawaida Kwaresima hakuna harusi, kwahiyo ikipita Pasaka kila mtu anakimbilia kumbi hizohizo, na ndugu zetu Waislamu kabla ya Ramadhani ni hivyohivyo, Desemba ndo usiseme. Septemba tulipata nafasi ya kubishana bei, Desemba hawakusikilizi.

CHAKULA, 8. Sahani 18,000, watu 220, jumla 3,960,000. Pilau, wali mweupe, ndizi, kuku, nyama ya ng'ombe, mboga mbili, kachumbari na matunda. Tulipita kuonja kwa wapishi watatu, wa kwanza alikuwa na 12,000 lakini kuku wake alikuwa robo ya robo, wa tatu alitaka 25,000 na samaki ndani. Huyu wa katikati alipika vizuri, pilau ya kunukia mpaka parking, watu wamekula wakarudia. Tatizo lilikuja saa 5 usiku, bosi wao ananifuata nyuma ya jukwaa ananiambia mhazini zimeliwa sahani 238, kwahiyo kuna nyongeza ya sahani 18, ni 324,000. Mimi pale nimevaa sare na viatu virefu vinaniua nikamwambia kaka twende mlangoni. Pale mlangoni tulikuwa na vijana wawili wanachana kipande cha kila kadi, tumehesabu mbele yake, walioingia 213 pamoja na watoto. Akasema labda watu walichukua sahani mbili. Labda, ila kwenye mkataba tuliandika kwamba anayezidisha aonyeshe na shahidi wa kamati awepo, na shahidi alikuwa shangazi yangu ambaye tulimweka kwenye nyama tangu mwanzo, na shangazi yangu hachezewi. Iliisha pale, sikuongeza hata mia. Tulimlipa asilimia 60 kabla na 40 tulibaki nayo mpaka sahani ya mwisho, nadhani ndo maana alikuwa mpole.

VINYWAJI sina wa kumpa maksi zaidi ya sisi wenyewe, tulinunua jumla kwa duka moja la vinywaji mtaani kwetu. Tulichukua vya 2,180,000, bia za Kilimanjaro, Safari na Serengeti, soda, maji, na mvinyo wa Dodoma kwa ajili ya meza kuu, kwa makubaliano kwamba kreti ambazo hazijaguswa zinarudi. Zikarudi za laki 3 na elfu 10, tukabaki na 1,870,000. Sasa hapa mtasikiliza au hamtasikiliza shauri yenu: stoo ya vinywaji weka mtu wa ukoo ambaye hanywi. Sisi tuliweka kijana mmoja mlokole, funguo mfukoni, wahudumu wakija na trei lazima warudishe chupa tupu ndo wapewe nyingine. Harusi ya binamu yetu ya kabla ya hapo stoo aliwekwa mtu anayependa vitu vyake, saa 4 usiku bia zimeisha na yeye ameisha.

MAPAMBO, 5, na hiyo 5 ni ya huruma. Kotesheni ya kwanza 2,800,000, tukabishana mpaka 1,600,000, na nimekuja kuelewa kwamba ukimshusha mpambaji bei kiasi kile hapunguzi faida yake, anapunguza harusi yako. Picha alizotuonyesha kwenye simu maua yalikuwa ya asili, tukafika saa 10 jioni ni plastiki tupu isipokuwa meza kuu, tukimuuliza anasema kwa ile bei mlitegemea nini. Vile viti vya chivari vya dhahabu alivyoahidi vilitosha meza kuu na wakwe tu, wengine walikalia vya plastiki vya ukumbi vilivyofunikwa vitambaa, na vitambaa vingine vina madoa ya harusi za watu. Jukwaa na taa nampa haki yake vilikuwa vizuri. Kosa letu tuliandika kwenye karatasi "mapambo ya ukumbi 1,600,000" basi, mstari mmoja. Tungeandika viti vingapi vya aina gani, meza ngapi zina maua na maua gani, zulia mita ngapi, asingepata pa kutokea.

MC, 9. Laki 7. Kwenye kamati kulikuwa na kundi linataka yule maarufu ambaye bei yake tu ni bajeti ya chakula chetu, tukapiga kura wakashindwa. Huyu wetu alikuja mpaka kikao cha mwisho na kalamu, akaandika majina ya wazee, akauliza nani kafariki karibuni kwenye ukoo asije akatania vibaya, akauliza ukumbi unafungwa saa ngapi. Ukumbi unafungwa saa 6, kila saa inayozidi laki 2. Maharusi walitoka kupiga picha Coco Beach wakanasa kwenye foleni ya barabara ya Mandela, badala ya saa 12 na nusu wakaingia saa 2 kasoro robo, mi nishaanza kutafuta hiyo laki 2 kichwani. Yule bwana akaunganisha utambulisho wa pande zote mbili ukawa mmoja, zawadi akapitisha kwa makundi huku muziki unapigwa, keki, ndafu, chakula, saa 6 kasoro robo tunafunga. Watu mnadhani MC ni utani na kuchekesha, MC ni saa. DJ alikuwa laki 3 na nusu na spika zake, sina la kusema, alipiga tukacheza, 7.

Keki 450,000, tabaka tano, ila tabaka tatu ni za bandia zimepakwa krimu tu, keki yenyewe ni mbili na zile ndogo za wakwe. Hili alituambia mapema, hakutuficha, 8. Ndafu laki 3 na nusu. Sisi kwetu hatuna hiyo lakini wifi ni Mchaga na mkwe wetu alishasema kwa upole kwamba binti yake bila ndafu itakuwa kama kikao, basi tukaweka mbuzi mzima kachomwa kasimama na majani mdomoni, na nikiri ile laki 3 na nusu ndo hela iliyopigiwa makelele kuliko zote ukumbini. Nyama ilivyokatwa nilipata kipande kama dole gumba. 10 hata hivyo.

Matarumbeta laki 3, 10 bila kujadili, wale vijana walianzia kanisani wakapiga juu ya pikapu njia nzima. Magari 430,000, ya maharusi 250,000 na Coaster ya familia 180,000. Kadi za mwaliko 130 kwa 2,000 ni 260,000. Suti mbili, ya bwana harusi na msimamizi wake, 480,000, shela la kukodi laki 5, na hapa hakikisheni mnajua tarehe ya kurudisha, kila siku ya kuchelewa wana faini yao. Saluni ya wifi laki 2, alipendeza, alilia, na mekapu haikutoka hata kidogo.

Halafu kuna yale madogo ambayo hayapo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mpiga picha anakula, DJ anakula, dereva wa Coaster anakula, watu wa mapambo wanasubiri mpaka mwisho nao wanakula, tuliwachukulia sahani 12 za wafanyakazi kwa elfu 10. Nauli za bodaboda, vocha za kupiga simu za michango, hivyo vilikula 136,000. Ukiongeza na ile dizeli ni 376,000 ambazo hakuna aliyeziandika kikao cha kwanza. Jumla ndo ikaja ile 15,300,000, mimi nina 13,150,000. Pengo la 2,150,000 bwana harusi akatoa milioni na nusu iliyokuwa ya kwenda fungate Zanzibar, na iliyobaki, laki 6 na nusu, alitoa mama mkubwa. Huyohuyo aliyeninunia. Hakusema neno, alinipa bahasha jikoni akaenda zake.

Nimewaacha PICHA NA VIDEO mwisho kwa makusudi kwa sababu bado zinaniuma. 1,200,000, albamu moja kubwa, picha zote kwenye flashi, video ya saa mbili na droni. Maksi 4. Kazi yenyewe siku ile aliifanya vizuri, ana vijana watatu wamevaa nyeusi wanakimbia huku na huku. Kosa ni langu, nilimlipa yote Alhamisi kabla ya harusi kwa sababu alisema ana vifaa vya kukodi na mimi nilitaka kumaliza majukumu. Wote wengine niliwabakizia kitu, yeye peke yake nilimaliza. Aliahidi wiki tatu. Oktoba ikapita, Novemba anasema kompyuta imekufa, Desemba anasema ana harusi nyingi, mdogo wangu akawa anapiga yeye, wifi akawa anapiga, baba mkwe akapiga, ndo tukaletewa Januari, na albamu ina picha mbili za harusi ambayo siyo yetu kabisa, bibi harusi ni mwingine.

Tulikaa sebuleni wote kuangalia hiyo video. Dakika kama tano za mwanzo ni droni inazunguka juu ya kanisa, alafu ikaingia ukumbini, na mtu wa kwanza kuonekana vizuri, karibu dakika nzima, kashika bia mbili anacheza mbele kabisa ya kamera, ni mjomba. Yule wa laki tano, nawatumia Ijumaa. Kwenye daftari langu bado yupo ukurasa wa ahadi.